Mahindi ya Njano

  

Juzi asubuhi nilikuwa nimebanwa kwenye matatu, natoka Langas kuingia mjini Eldoret. Foleni imekaza, gari halisogei. Jirani yangu alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ya sufu kichwani, gambuti miguuni, simu mkononi, kioo chake kimepasuka kona moja. Alikuwa anatazama stetasi za WhatsApp. Sikumchungulia kwa ubaya, ila mnajua ndani ya matatu simu ya mmoja ni sinema ya kiti kizima.

Likaja tangazo la saluni: zambarau tupu, nyota za dhahabu, maandishi ya kujikunjakunja kama ya kadi ya harusi. Kidole gumba kikagusa, likapita. Ikaja shule ya binafsi, mtoto anacheka, chini yake mistari kama kumi na tano ya maandishi madogo. Ikapita. Zikaja ploti za hamsini kwa mia, na picha ya jumba la ghorofa ambalo sidhani limewahi kusimama popote katika kaunti hii ya Uasin Gishu. Zikapita. Kisha likaja tangazo lisilo na urembo wowote. Mfuko wa mbegu umewekwa juu ya kaunta ya mbao, picha imeinama kidogo. Juu yake maneno mawili: MBEGU ZIMEFIKA. Chini, bei, mahali, namba ya simu.

Jirani yangu akalibonyeza lisipite. Akalisogeza karibu na macho, akalirudisha mbali, akapiga simu papo hapo. "Hallo. Hiyo 614 iko? Niwekee pakiti tatu za kilo kumi, nakuja saa hii."

Mkulima yeyote atakwambia kilo kumi za mbegu hupanda ekari moja au karibu na hapo. Kwa hiyo ekari tatu za mahindi zilikuwa zimeuzwa mbele ya macho yangu, kwa picha iliyoinama na maneno mawili. Na picha ile aliitengeneza mtu. Pengine mwanafunzi wa chuo, pengine mwalimu wa bodi anayesubiri mshahara uliochelewa, pengine karani aliyekaa usiku na simu baada ya watoto kulala. Huyo ndiye nataka tumzungumzie leo, yule anayetengeneza matangazo ya mitandaoni ya maduka madogo kama kazi ya kando. Wenyewe wakiitaja kazi yao husema "posta", na si ile ya barua.

Nianze kwa kukiri kwamba kazi hii nimeifanya, miaka kadhaa, jioni jioni. Kwa hiyo mengi nitakayosema ni makosa yangu mwenyewe niliyoyapa umri.

Kazi yenyewe si ngeni mjini. Kabla ya simu kulikuwa na mafundi wa maandishi ya ukutani, mtu na brashi zake, mkebe wa rangi na kitambaa chenye harufu ya tapentaini. Ndiye aliyemchorea kinyozi vichwa vinne vya mitindo minne, akamchorea mwenye bucha ng'ombe anayetabasamu kana kwamba hajui kilichomo ndani. Fundi yule alikuwa na kipimo kimoja. Akimaliza herufi, huvuka barabara, akasimama upande wa pili, akatazama kama zinasomeka. Zisiposomeka, anarudi kuzinenepesha. Hakuna aliyemfundisha hilo darasani. Baadaye zikaja kompyuta na mashine za kuchapa mabango ya plastiki, kazi ikahamia kwa vijana wa saiba waliojua CorelDRAW na Photoshop. Halafu mwaka 2013, huko Australia, mwanamke kijana anayeitwa Melanie Perkins na wenzake wawili wakaifungulia dunia programu ya Canva. Ukiwa na simu na bando, unafungua, unachagua kiolezo kilichokwisha kupangwa, unabadilisha maneno, unapakua. Wengine hutumia PixelLab, ambayo ni nyepesi kwa simu za bei ndogo. Kwa ufupi, chombo ambacho zamani kilikuwa cha fundi sasa anacho kila mtu, hata mpwa wa mwenye duka.

Na hapo ndipo wengi hupotea. Wanadhani kwa kuwa na programu wamekuwa na kazi. Serikali ilipoanzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016, na vyuo vikaongeza mafunzo yao, vijana wengi walijifunza kubonyeza. Ni jambo jema, silibezi. Lakini kama kila mtu anajua kubonyeza, mwenye duka anakulipia nini wewe?

Mimi jibu nililipata kwa aibu, kwenye agroveti moja hapa mjini, mwezi wa Machi.

Mwenye duka alikuwa mzee mmoja mpole, mtu wa kuvaa koti hata jua likiwaka. Aliniagiza tangazo la mbegu. Nikakaa nalo usiku kucha. Kwenye programu nikatafuta picha ya mahindi, nikapata moja inayong'aa, gunzi limemenywa nusu, punje zimejipanga kama meno ya mtoto. Nikaweka anga la bluu, nikaweka trekta kubwa jekundu kwa mbali. Asubuhi nikampelekea, nikingoja sifa.

Akavaa miwani. Akatazama muda mrefu. "Kijana yangu, haya ni mahindi ya nani?"

"Ni ya kwako mzee. Ya tangazo."

"Haya ni ya njano."

Nikanyamaza.

"Ukiniwekea hii, watu watasema nauza chakula cha ng'ombe. Ama watasema mzee ameanza kuuza ile ya msaada."

Wasikilizaji wenye umri wameshaelewa. Kwa wadogo, nieleze. Mwaka 1984 mvua ilitukataa, nchi ikaingia njaa, serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watu waliyala kwa sababu hapakuwa na jingine, na hawakuyasahau. Huku kwetu, na Trans Nzoia, mahindi ni meupe. Mbegu zinazotoka Kitale ni za mahindi meupe. Unga mweupe, ugali mweupe. Njano kwa mkulima wa Moiben au Ziwa ni rangi ya shida. Na mimi, mtoto wa hapa hapa, niliyelelewa kwa ugali ule ule, nilikuwa nimeamini picha iliyopigwa kwenye shamba la Marekani kwa sababu tu ilikuwa safi.

Tulitoka hadi mlangoni, penye mwanga. Mzee akaleta mfuko wa mbegu, akauweka juu ya kaunta. Nikapiga picha kwa simu yangu. Saa nne asubuhi, mwanga wa mlangoni, bila taa. Bado naitumia saa hiyo hadi leo.

Kwa hiyo nasema hivi. Anayelipwa katika kazi hii halipwi kwa sababu anajua Canva. Analipwa kwa sababu anaujua mji. Anajua kwamba mahindi ni meupe. Anajua kwamba mursik hukaa kwenye kibuyu kilichopakwa majivu ya mkaa wa senetwet, ukiweka picha ya glasi ya maziwa ya kifungua kinywa cha Ulaya hujaonyesha mursik. Anajua kwamba msichana aliye kwenye kiolezo cha saluni amesukwa mtindo ambao saluni ile haijui kuusuka, na mteja akija nao kwenye simu kutakuwa na maneno.

Zaidi ya yote, anajua kalenda. Si ile ya ukutani, ile ya mifuko ya watu. Januari ni sare za shule, vitabu, masanduku na godoro. Usimtangazie mtu sofa Januari. Februari na Machi ni kulima na mbegu, trekta za kukodi, mbolea ya kupandia. Mvua ikishika, ni gambuti, mabati, mitaro, na baadaye mbolea ya kukuzia. Oktoba hadi Disemba mahindi yanatoka shambani, na ghafla kila mtu anatafuta magunia, turubai za kuanikia, mashine ya kupukuchua. Mahindi yakiuzwa pesa inaingia, na hapo ndipo simu, pikipiki, nyasi za ng'ombe, hata meno ya bandia vinapopata wanunuzi. Disemba ni koito, zile sherehe za uchumba, na harusi, ni sherehe za vijana waliotoka jandoni, ni mahafali ya vyuo. Mtu anayeyajua haya humwendea mwenye duka wiki tatu kabla, akamwambia, "Mzee, watu wataanza kuulizia magunia, tutoe tangazo." Mwenye duka humwona kama mwenzake wa biashara. Anayekaa akingoja kuagizwa huonwa kama mtu wa kuchora, na mtu wa kuchora hubembelezwa apunguze bei.

Sasa kuna programu za akili unde, unaandika maneno, picha inaletwa. Nimezijaribu. Zinafanya kazi ya kustaajabisha, na nitazitumia. Lakini niliiomba moja inipe duka la agroveti la Kenya, ikaniletea mzee mwenye kofia ya majani amesimama kwenye jangwa, na kwenye kibao cha duka neno "mbegu" limeandikwa kwa herufi ambazo hazimo katika lugha yoyote. Anayeujua mji bado ana kazi.

Lugha nayo. Hapa nina ugomvi na wenzangu wa kazi. Mama anauza chapati na maharagwe karibu na stendi, wateja wake ni makanga, wapiga debe na wanafunzi, lakini tangazo lake limeandikwa Kiingereza cha benki. Kwa nini? Kwa sababu kiolezo kilikuja hivyo, na kijana akaona haya kukibadilisha. Mimi nasema andika kama mteja anavyoomba akifika. Akifika anasema nini? "Mama, chapo mbili na maharagwe." Basi andika chapo. Yule mzee wa agroveti alipoulizwa dukani "vipi, mbegu?" alijibu "mbegu zimefika." Maneno mawili ya tangazo lake niliyaiba mdomoni mwake.

Tatizo ni kwamba mwenye duka mwenyewe mara nyingi hataki maneno mawili. Anataka yote. Amelipa mia tano, na kwa mia tano anataka orodha ya dawa za kupe, pampu za kunyunyizia, chakula cha kuku cha kila umri, picha yake akiwa amevaa suti, picha ya mkewe, aya ya Biblia, na shukrani kwa wateja wa mwaka jana. Hukatai kwa ukali, ni mtu mzima, na pesa ni yake. Mimi nilikuwa nafanya hivi. Naweka yote aliyotaka kwenye tangazo moja. Halafu natengeneza jingine lenye jambo moja tu. Nayaweka yote mawili kwenye simu, naishika mbali, mkono umenyooka, kwa mwendo wa yule fundi wa zamani aliyevuka barabara. "Mzee, soma." Husoma lile la pili. Mara tisa kwa kumi mjadala unaishia hapo, na ile mara ya kumi unampa alilotaka na kumwombea heri.

Vipimo navyo. Stetasi ya WhatsApp ni ndefu na nyembamba, pikseli 1080 kwa 1920, na baada ya saa ishirini na nne haipo tena. Posta ya Facebook mara nyingi ni mraba. Tangazo moja halikai vizuri kote kote, ukilazimisha, namba ya simu hukatwa miguu. Na ukimtumia mteja kazi yake kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, njiani inabanwa, inafika na ukungu. Itume kama faili ya hati, ifike ilivyo. Mteja akisema "sasa nichapishie bango la mita mbili nitundike mlangoni," usimpe ile ya simu. Itavutika mpaka uso wa mtu uwe viraka. Na ile zambarau inayowaka kwenye simu itatoka mashine ikiwa imefifia, kwa sababu simu hutoa mwanga na karatasi hubeba wino, na kuna rangi ambazo wino hauzifikii. Mwambie mapema. Ukimwambia baadaye, utaonekana umemharibia.

Namba ya simu. Hapa nitajieleza bila kujificha. Mji huu ulianza kwa namba, mnajua. Kabla haujaitwa Eldoret palikuwa Shamba namba 64, wazungu wakasema Sikisti-foo, wazee wetu wakaitamka Sisibo, na wapo wanaoiita hivyo mpaka leo, ingawa tangu tarehe 15 Agosti 2024 tuna hati ya kuwa jiji. Katika mji uliozaliwa kwa namba, mimi nilikosea namba. Mama mmoja wa hoteli aliniagiza tangazo la kuku wa kienyeji wa Krismasi. Nikalipamba, nikalituma, likasambaa sana, kila mtu akaliweka kwenye stetasi yake. Siku mbili hoteli haikupigiwa simu hata moja. Siku ya tatu akaniita. "Mwanangu, hebu nisomee namba yangu." Nikasoma. Sita na tisa zilikuwa zimebadilishana nafasi. Nikaipiga ile namba niliyoiandika. Ikapokewa na mama mwingine kabisa, wa Webuye, amechoka. Kabla sijasema habari, akasema, "Kuku wameisha."

Nilimrudishia mama wa hoteli pesa yake, na tangu hapo sitoi tangazo lolote bila mwenyewe kupiga namba iliyoandikwa juu yake, nikiwa naitazama kwenye picha, si kwenye daftari. Namba ya Lipa na M-Pesa vivyo hivyo. Natuma shilingi kumi, naangalia jina linalotokea. Hiyo kumi ni ya bei nafuu kuliko kuku wote wale.

Sasa pesa, maana najua wapo wanaongoja hapo tu.

Tuchukue mfano wa posta ya mia tano. Ya kwanza ya mteja mpya itakula saa mbili, pamoja na kwenda dukani kupiga picha. Halafu anakuja na "badilisha kidogo tu". Maneno hayo matatu yamemaliza wengi. Kidogo ya kwanza ni rangi. Ya pili ni herufi. Ya tatu, shemeji yake ameona, anasema nembo iwe kubwa. Ya sita mnarudi kwenye ile ya kwanza. Saa mbili zimekuwa sita, toa bando, toa nauli, na bado hujalipwa kwa sababu tangazo "halijaisha". Kwa hesabu hiyo heri ungefua nguo za watu.

Nilichojifunza ni kuuza mwezi, si posta. Nikamwambia mwenye duka, matangazo manane kwa mwezi, mawili kila wiki, elfu tatu, unalipa tarehe moja. Kwa moja moja inashuka hadi chini ya mia nne, naye anafurahi. Lakini tazama upande wangu. Rangi zake nimeshazijua, nembo ninayo, picha za duka nimepiga ishirini kwa siku moja, herufi zake ni zile zile. Tangazo la tano linanichukua nusu saa. Wateja watano wa namna hiyo ni elfu kumi na tano kwa kazi ya saa ishirini hivi kwa mwezi, zile saa za jioni. Haitakujengea nyumba Elgon View. Inalipa kodi ya chumba na karo ya mtoto mmoja, na inalipa kila mwezi. Mabadiliko ni mara mbili, ya tatu ina bei. Unalisema siku ya kwanza, mkicheka, mkinywa chai, na unaliandika kwenye ujumbe. Nusu ya pesa mbele. Sampuli unaipeleka ikiwa na maandishi mepesi yamekatiza katikati, na faili safi inatoka pesa ikishaingia.

Watafuta kura wao ni pesa yote mbele. Uchaguzi ni Agosti 2027, na mabango yao yameanza mapema. Ni watu wakarimu sana kabla ya kura. Baada ya kura simu zao huzimwa, walioshinda na walioshindwa.

Halafu kuna jambo ambalo wauza mafunzo ya kazi hii hawalisemi. Wapo wafanyabiashara wasiohitaji posta. Mama mboga anayeuza sukuma kwa majirani arobaini wanaomjua kwa jina, posta itamwongezea nini? Faida yake kwa fungu ni shilingi chache. Ili arudishe mia tano yako auze mafungu mangapi ya ziada, na yaoze mangapi? Nimemkataa mmoja, dada wa Munyaka, nikamwambia hiyo pesa anunue mwavuli mkubwa wa kuzuia jua kwenye nyanya. Wanaofaidika ni wale ambao mteja mmoja mpya anarudisha gharama. Agroveti ni hao, na shule, chemisti yenye kliniki, wenye kukodisha trekta, wachimba visima, shule za udereva, wapishi wa sherehe. Pochi ya mteja wako ndiyo dari ya kipato chako. Ukichagua wenye dari ya chini, utainama maisha yako yote hata ukiwa fundi hodari.

Kuna pia sheria, na hapa nitapita haraka ila sikilizeni. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila ruhusa ya wazazi. Kwa hiyo yule mtoto anayecheka kwenye tangazo la shule, uliza ni wa nani na nani amekubali, na jibu liwe la maandishi. Na kwa kuwa tunaishi mji wa wanariadha, kila kinyozi anataka uso wa bingwa kwenye bango lake. Bingwa amenyolewa hapo? Kama hakunyolewa, na hata kama amenyolewa lakini hajaulizwa, mwache. Hakimiliki nayo, wengi wetu tuliifikiria kinyume. Sheria yetu ya 2001 inasema kazi uliyoagizwa kwa malipo, kama hamkukubaliana vingine, huhesabiwa ni ya aliyeagiza. Ukitaka kubaki na haki fulani, muiandike kabla. Na nembo usiijenge kwa michoro ya maktaba ya Canva, maana mchoro huo huo anao mwenye duka la Nakuru na mwenye hoteli ya Manila, na siku mteja wako atakapotaka kuisajili kama alama yake ya biashara atakutafuta.

Naona mwenzangu wa mitambo ananionyesha saa. Nimalizie na yule mzee wa koti.

Aliendelea kuwa mteja wangu. Halipi tarehe moja, hulipa tarehe nne, lakini hulipa. Machi ya mwaka huu tulitoa tangazo la mbegu kama kawaida, picha ya mlangoni, saa nne, maneno mawili. Nilikuwa nimelituma usiku, nikijua wakulima hutazama stetasi saa kumi na mbili alfajiri, wakingoja chai ichemke. Ilipokaribia saa tano asubuhi, simu ikalia. Ujumbe wa sauti. Nyuma yake nasikia watu wengi, mlango unagongwagongwa, mtu anauliza bei ya mbolea.

"Kijana yangu. Toa hiyo ya mbegu, zimeisha. Weka mbolea. Na safari hii piga picha vizuri, ile nyingine ilikuwa imeinama."